Nilinyamaza ndio niolewe, koo ikaniumbua stage ya Merti

Wakuu, salaam aleikum, na habari kwa wale wengine. Hii nimeishi mwenyewe, haina chumvi. Sawa, chumvi ya kuonja tu.

Miaka ya sabini nilikuwa msichana wa mtaa wa Chechelesi, hapa Isiolo, nauza maziwa ya ngamia stage ya malori. Nikiita wateja, punda wanageuka.

Guyo, dereva wa lori, alinipenda hivyo hivyo. Mimi pia nilimpenda vibaya sana. Shida ilikuwa mama yake kule Merti. Alikuwa ameapa hataki msichana redio, wa kelele, kwa boma yake.

Siku huyo mama yake anakuja kuniangalia, nikaamka sina sauti. Jana yake nilikuwa nimegombana na muuzaji mwenzangu juu ya kivuli, mchana kutwa! Nikifungua mdomo, upepo tu.

Daktari akaniangalia koo akacheka.

"Hewa inatoka kwa mapafu, inapita katikati ya nyama mbili ndogo hapa kooni. Zikitetemeka, hiyo ndio sauti. Ulimi na midomo inaikata iwe maneno. Zako zimefura, hazifungani. Nyamaza kabisa, hata usinong'one."

Mimi, ninyamaze? Wallahi nililia, na kilio chenyewe hakikutoka.

Mama akafika. Akauliza, nikainamisha kichwa. Akauliza tena, nikamwaga chai polepole, macho chini.

Shangazi yangu, mwongo wa kimataifa, akasema, "Huyu ameumbwa hivyo. Hana maneno."

Mama alifurahi mpaka akakubali harusi hapo hapo. Guyo alitoka nje acheke.

Sasa shida. Mvua ikanyesha, barabara ya Merti ikaharibika, mama akabaki kwetu. Koo nayo, kwa kupumzishwa, ikaanza kupona. Nikikohoa nasikia sauti inarudi, naomba Mungu aicheleweshe kidogo.

Barabara ikakauka. Guyo alikuwa ametumwa Sericho, kwa hivyo mama akapanda lori ya mtu mwingine. Tukamsindikiza. Mizigo ikapakiwa, yeye akashuka kununua majani ya chai. Dereva akang'oa!

Mama anakimbia, anaita, sauti ya mzee haifiki popote. Lori inaenda na kila kitu chake.

Wakuu, mimi sikuamua. Mapafu yalisukuma, zile nyama mbili zikafungana, ulimi ukafuata.

"WEWE! SIMAMAAA!"

Lori ikasimama. Na lori zingine mbili ambazo hazikuhusika.

Mama akanigeukia. Nikajua nimeachika kabla ya kuolewa. Akamuuliza shangazi, "Si ulisema hana maneno?"

Shangazi akasema, "Maneno hana. Ni sauti tu."

Mama akapanda, akakaa juu ya gunia lake, akafunga shuka vizuri.

"Harusi iko," akasema. "Lakini akae huku Isiolo na Guyo. Mimi nikiwa Merti nitamsikia tu."

Nimekaa Isiolo mpaka leo. Mambo ya koo nimejifunza: ipumzishe ikiuma, lakini usiizike ndio upendwe.

Wenye kuambia wasichana wanyamaze ndio waolewe, kujeni hapa chini tuongee. Nimeshakunywa maji.