Maji ya Mdogo Wangu

Mwaka ule wa barakoa wajukuu zangu waligombana hapa uwanjani kwangu, mmoja kaivaa mpaka chini ya macho, mwingine anasema hayo yote ni maneno ya wakubwa ya kututisha. Wote wawili wakanigeukia niamue. Niliwafukuza wakabishane barabarani. Ubishi wa namna hiyo nimeshauona, uliniulia mtu, na sina simile nao.

Ilikuwa enzi za vijiji vya Ujamaa, huku juu Newala, miaka michache baada ya wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma kupata uhuru wao. Kijiji chetu kilikuwa kipya bado. Tulikuwa tumetolewa kwenye mahame yetu, kwenye mikorosho ya bibi zetu, tukapangwa kwa mistari kama watoto wa shule, na waliochelewa kuhama walichomewa nyumba. Ya mjomba ilichomwa. Mjomba, kaka wa mama yetu, ndiye aliyekuwa mwenye neno katika ukoo wetu, maana kwetu sisi baba analea lakini mjomba ndiye anaamua.

Maji hatukuwa nayo. Bomba la kijiji lilitoka siku za mwanzo, viongozi wakapiga makofi, kisha mashine ikafa. Tukarudi kwenye kazi yetu ya zamani ya kushuka genge, ule ukingo mkali wa mlima, mpaka kisimani bondeni alfajiri na kupanda na debe kichwani jua likiwa limeshawaka. Mtu wa kwetu atakupa kuku wake kabla hajakupa ndoo ya maji. Na ukimwaga maji ovyo, hata ya kunawia, utasemwa mpaka uzeeni.

Kipindupindu kilipoingia, katibu kata aliitisha mkutano kwenye ghala la korosho. Alikuwa mtu wa bara, kijana bado, anavaa soksi hata kiangazi. Akasoma amri: hakuna kukusanyika, hakuna ngoma, hakuna pombe ya uraka, hakuna kupeana mikono, hakuna kula sinia moja msibani, hakuna kuosha maiti. Nyumba yenye mgonjwa itazungushiwa kamba, na aliyemo hatashuka kisimani. Maji ataletewa na majirani, wayaweke kwenye kamba. Haya yote aliyasema mbele ya umati uliobanana mpaka nje, watu wanapumuliana shingoni. Mjomba akasimama akauliza kwa adabu zote kama na mkutano huu nao umekatazwa. Watu wakaangua kicheko, katibu akanuna, na kuanzia hapo ugonjwa haukuwa na mtu wa kuujali. Ikawa nani kamshinda nani.

Mjomba alikuwa na mabinti ndani, unyagoni, na siku yao ya kutoka ilikuwa imekaribia. Mabibo yameshakamuliwa, uraka unachemka kwenye mitungi, wageni wameitwa. Alisema tulipotaka kubaki kwetu serikali ilitutoa kwa moto, na leo tunapotaka kutoka inatufunga kwa kamba, na mara zote mbili tunaambiwa ni kwa faida yetu. Hapo alisema kweli na sitamnyima. Lakini kutoka hapo akaruka mpaka kusema ugonjwa wenyewe haupo, na nusu ya kijiji ikaruka naye.

Nusu nyingine ikawa ya katibu. Wale walijifunga vipande vya kaniki puani na mdomoni, wakipita wanakuangalia kama wewe ndiye uliyekileta. Wa mjomba nao wakiona kaniki inakuja, wanashikana mikono katikati ya njia, wanaitikisa na kuitikisa, wanacheka. Watu waliopanda mihogo pamoja walitukaniana mama zao kisimani. Mabinti wakatolewa unyagoni kwa ngoma kubwa, mchana kweupe, makusudi, mbele ya ofisi ya katibu.

Mdogo wangu hakuwa wa upande wowote. Alikuwa ameolewa, lakini mumewe hata hakuwahi kumzoea vizuri. Mwanaume yule alikuja kwetu wakati wa vita, mtu wa ng'ambo, na nchi yao ilipotulia akavuka Ruvuma kumtafuta mama yake. Hajarudi mpaka leo. Hilo halikuwazuia watu kusema yeye ndiye aliyemletea mkewe ugonjwa. Mtu hayupo, lakini kaleta.

Alianza kuharisha na kutapika asubuhi, na jioni macho yalikuwa yameshaingia ndani. Nikahamia kwake. Mgambo wakazungusha kamba ya magome, kutoka mkorosho hadi mkorosho, nasi tukawa ndani. Mganga wa zahanati alikuja akasimama mlangoni, akanieleza nichemshe maji, nitie sukari na chumvi kidogo, nimnyweshe kadiri anavyotoa na zaidi ya anavyotoa.

"Dawa yake ni maji," alisema. "Akiyapata atapona. Asiyakose."

Mtungi wa mdogo wangu ulikuwa nusu. Nilichemsha, nikamnywesha, akatapika, nikamnywesha tena, na kweli jicho likarudi kidogo. Kesho yake mtungi ulikuwa mkavu. Nikasogea kwenye kamba nikamwita jirani yetu, mwanamke wa upande wa katibu, kaniki puani, nikamwamkia shikamoo mama, nikamwomba debe moja tu. Aliitikia marahaba akiwa mbali kabisa. Akasema wanaodai ugonjwa haupo ndio wasioogopa kusogea, basi wao walete. Akajitwika debe lake lililojaa akaingia ndani kwake. Nililisikia likitua.

Nikatuma neno kwa mjomba. Mjomba alikuja mwenyewe, akasimama mbali na kamba kama mtu aliyekuja kuangalia mbuzi wa kununua. Akasema yeye hawezi kuja kuweka maji kwenye kamba, maana akiyaweka hapo ameikubali kamba, na kesho katibu atamcheka hadharani. Wao walioifunga kamba ndio walioahidi maji, wao walete. Au waikate kamba, naye ataingia na maji ya ukoo mzima.

"Mjomba," nikamwambia, "anakufa kwa kiu."

"Waambie waliomfunga," akasema, akaenda zake. Na alikuwa anampenda, ndiyo maana mpaka leo nikimkumbuka nashindwa hata kumtukana vizuri.

Nikachukua debe nikaruka kamba. Sikufika hata mwanzo wa genge. Mgambo walinisimamisha, mmoja wao niliyemnyoa nywele akiwa mtoto akalitoboa debe langu kwa panga, ili nisijaribu tena, akasema. Nikarudi. Niliokota mabibo chini ya mikorosho, nikayakamua kwa kitambaa nikamtia mdomoni. Bibo linakausha koo, kila mtoto wa kwetu anajua. Lakini lilikuwa na majimaji, na mimi sikuwa na kingine.

Nje walikuwa wanabishana. Hilo ndilo linalonichoma. Upande huu wa nyumba kundi la katibu, upande ule kundi la mjomba, kutwa nzima wanarushiana maneno juu ya nani alete maji, na kila kundi lina hoja, na hoja zote nzuri. Mdogo wangu alikuwa anazisikia sauti. Ngozi ya vidole ilikuwa imejikunja, ukiibana hairudi. Kila kelele ilipopanda alifumbua macho.

"Dada," akaniuliza, "wameleta?"

Nikamwambia wako njiani. Alikata roho kabla ya adhuhuri ya siku iliyofuata.

Nilipiga ukunga mmoja, na hapo ndipo nilipowaona watu wangu walivyo hodari. Katibu alitoa amri azikwe upesi, bila kuoshwa, afukiwe kwa chokaa iliyoletwa na lori kutoka Masasi. Mjomba aliposikia akararua shati lake, akasema mpwa wake hatazikwa kama mbwa, ataoshwa kama watu wote wanavyooshwa, na serikali ione. Ukoo mzima ukashuka genge. Wazee waliokuwa hawajashuka miaka mingi walishuka. Wakapanda wakiimba, madebe, ndoo, mitungi, vibuyu, wakaikanyaga ile kamba kama haikuwahi kuwepo, wakayapanga uwanjani. Na mgambo nao wakafika na mapipa yao ya maji, ya kukorogea chokaa. Jirani yetu wa kaniki alikuwa kati ya waliowasaidia kuyabeba.

Sijapata kuona maji mengi hivyo huku juu. Yalimeta uwanja mzima. Katibu na mjomba wakasimama katikati yake, wananyoosheana vidole, maiti ndani, na kila mmoja anadai ni haki yake.

Nikatoka ndani nikapiga teke debe la kwanza. Nikafuata mitungi, nikafuata ndoo, nikayaelemea mapipa ya mgambo mpaka yakalala. Watu walilia kama nimechinja mtoto. Mjomba akanishika mkono, katibu akanishika mwingine, wakasema nimepata kichaa, nifungwe. Ndilo jambo la kwanza nililowasikia wakikubaliana.

Yule bibi anayeosha maiti za wanawake alikuwa amesimama mlangoni na vitambaa vyake, hajui amsikilize nani. Sisi Waislamu tunajua maiti akikosa maji anafanywaje: anatayamamishwa, anapakwa udongo mkavu usoni na mikononi, inatosha. Nikamgeukia yeye peke yake.

"Mtayamamishe, bibi. Nyumba hii haina maji."

Alinitazama, akautazama uwanja. Akafunga kitambaa mkononi, akainama kutafuta udongo. Ilimbidi azunguke mpaka nyuma ya nyumba, maana huku mbele pote palikuwa tope.