Radhi ya Kuchagizwa

Ipo siku moja ya miaka ya themanini, mwanangu, ambayo siisahau hata leo. Mama yangu alikuwa mgonjwa, hajiwezi, nyumbani kwetu Muyeye, nami ndiye niliyekuwa nikimuuguza. Kaka yangu Athumani akaja kutoka Bofa, alikokuwa akipika hotelini. Alikuja na machungwa. Machungwa jamani, kwa mtu asiyeweza kumeza hata maji!

Baba alipofariki, kaka aliitwa asije. Tulichelewesha maziko mpaka alasiri kwa ajili yake, na wapi! Mama hakumgombeza. Alinyamaza tu, miaka na miaka.

Basi akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, niwie radhi." Mama akamtazama, kisha akafumba macho. Laiti angeishia hapo, akakaa kitako akamkanda miguu! La. "Mama, sema basi. Sema umeniwia." Mama akigeukia ukutani, naye anazunguka kitanda kumfuata.

Shangazi, dada yake baba, akamwambia, "Athumani, usimchagize mgonjwa. Umeomba, amekusikia. Mwache kwanza."

Hakusikia. Aliogopa, maskini, mama asije akakata roho kabla hajasema. Akaendelea na neno lilo hilo, tangu adhuhuri mpaka magharibi.

Mwisho mama akasema, "Haya, nimekuwia. Niache nipumzike."

Asubuhi yake hatukuwa naye tena.

Kuchagiza ndiko huko, mwanangu. Anayeomba humwachia mtu nafasi ya kukataa. Anayechagiza humchosha mwenzake mpaka ampe ilimradi amwondokee. Nami jana nimekusikia kwenye simu ukimwandama yule rafiki yako, akusamehe, aseme sasa hivi, kwa nini hasemi. Ah, mwanangu! Omba mara moja, kwa adabu, kisha ngoja, hata kama kungoja kunauma. Ukikataliwa, angalau utajua umekataliwa.

Kaka yangu hakujua. Mpaka anaingia kaburini, kila akija kwangu alikuwa akiniuliza, "Eti Mwanaidi, mama alisema kwa moyo?" Nami nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu, na hata mimi sijui.

Mwenyezi Mungu akuepushe na swali hilo, mwanangu. Akujaalie radhi za wanaokupenda, wakupe wangali na nguvu za kukunyima.