Mkwe Aliyegeuza Mgongo kwenye Mbio za Mama Dorothée

Mama Dorothée alikuwa na miaka hamsini na nane, lakini miguu yake haikuwa na habari hiyo. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani alikimbia kutoka mji wa Baraka, mashariki ya Kongo, hadi njia ya Fizi na kurudi, pekupeku, kitenge amekikaza kiunoni, na vijana waliomcheka walimcheka wakiwa nyuma yake.

Kwa hiyo kiangazi cha mwaka 2003, bunduki zilipopumzika kidogo na parokia ikatangaza mbio za wamama waliopita hamsini, yeye ndiye aliyetangulia kujiandikisha. Wawili wa mbele wangepelekwa Uvira kushindana na wenzao wa huko. Dorothée alitaka kwenda Uvira, na alisema hivyo sokoni bila kumung'unya maneno.

Hapo midomo ikaanza. Mshika saa alikuwa mwalimu Bertin, mume wa binti yake Clarisse, na kwa Wabembe mkwe na mama mkwe hawatazamani hivihivi. Wakikutana njiani, Bertin aliingia majanini akageuza uso mpaka mama apite. Ni heshima, na Dorothée hakuwa na ugomvi nayo. Lakini jirani yake Félicité alimfuata hadi jikoni kumwambia kwamba mama mzima hawezi kwenda kutikisa mwili mbele ya mkwe, atamwaibisha Clarisse.

Aibu! Aibu ilikuwa wapi mwaka 1998, askari walipoingia kijijini Lweba? Siku ile Dorothée alimfunga mjukuu mgongoni akapanda naye mlimani mbio, kitenge kimepanda juu ya magoti, na Bertin akihema nyuma, macho hayabanduki kwa mama mkwe wake kwa sababu ndiye aliyeijua njia. Siku tatu hivyo. Hakuna aliyeleta habari za mapaja. Vita vikimtaka mwanamke akimbie, ruksa. Akitaka kukimbia kwa raha yake mwenyewe, ghafla ana mkwe. Upuuzi mtupu.

Akakimbia. Walikuwa wamama tisa, na walipogeuza kurudi hakukuwa na mtu mbele yake wala karibu yake. Aliuona mstari wa majivu uliochorwa barabarani, na Bertin pembeni na saa na kaye yake, daftari la kuandikia washindi. Bertin naye alimwona. Basi kijana huyo wa malezi mema akafanya alivyozoea: akageuka, akainamisha kichwa, akangoja hatua za mama zipite. Alipogeuka tena akawaandika aliowaona, Marthe wa kwanza, Suzanne wa pili.

Majina yakasomwa. Dorothée akauliza lake liko wapi. Bertin, macho chini, alieleza taratibu kwamba hakumwona akifika, na hawezi kuandika saa asiyoiona. Na wazee wa parokia wakamsifu! Mkwe ana adabu, wakasema. Watu mia mbili walikuwa wamemwona kwa macho yao, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Marthe mwenyewe, aliyekula vumbi lake njia nzima, alitazama pembeni.

Hasira ikampanda. Tangu harusi hakuwahi kumwita Bertin kwa jina. Sasa alimwita.

"Bertin, geuka. Lweba uliniangalia mugongo siku tatu, sababu mutoto wako alikuwa mu ule mugongo. Leo nakimbia yangu, ndiyo unaona haya? Mi nakimbia tena. Na we utaangalia."

Félicité akamshika mkono, Dorothée akauchomoa. Alikimbia peke yake, umbali uleule, jua la saa sita likimchoma, na waliokuwa wanacheka wakaacha. Bertin alisimama ameikabili barabara, jasho linamtoka kama yeye ndiye anayekimbia, mpaka mama mkwe wake akavuka majivu. Akatazama saa. Kwa miguu ile iliyochoka, Dorothée alikuwa bado amemshinda Suzanne kwa dakika nzima.

Bertin akafuta jina la Suzanne, akaandika la mama mkwe wake mahali pa pili, akamwonyesha kaye huku akimtazama usoni.

Dorothée alikuwa bado anahema. Akaweka kidole juu ya jina la Marthe.

"Na ile mbio ya kwanza," akasema, "andika pia."