Sekunde ya Milioni Mia Nane

Spès aliandika programu kwa kalamu. Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, hakukuwa na kompyuta, basi alijaza daftari, kisha akapitia kila mstari kwa kidole, yeye mwenyewe akiwa ndiye mashine. Hisabati aliisomea Bujumbura, kabla ya kukimbia.

Gakiza, aliyesali naye kambini, ndiye aliyepeleka kurasa hizo Area 47, mjini Lilongwe, kwenye ofisi ya kompyuta alikopata kazi. Ndiye aliyemweleza kwamba mashine za kule huhesabu sekunde tangu mwaka 1970 ulipoanza, na kwamba Mei hii ya 1995 hesabu ingefika milioni mia nane. Wenzake walitaka kuifanyia sherehe.

"Dada, we njo utatupatia saa yenyewe," alisema. "Na programu ya kuionyesha. Bosi anatafuta mtu wa pili. Siku ile nitataja jina lako mbele ya bantu bote."

Spès alipiga hesabu siku tatu, bila kusahau zile Februari sita zenye siku ishirini na tisa. Jumanne, tarehe tisa, saa mbili asubuhi, dakika kumi na tatu, sekunde ishirini.

Jumatatu aliomba ruhusa ya kutoka kambini, akalala kwa binamu yake Area 36. Asubuhi alivaa gauni la kanisani.

Ofisini alikuta tarakimu zake zikikimbia kwenye kioo cha kompyuta. Watu sita walihesabu kwa sauti, sifuri nane zikajipanga nyuma ya nane, Fanta zikafunguliwa. Mwenye ofisi akamkumbatia Gakiza.

"Kijana huyu kaiandika peke yake!"

Spès alingoja jina lake litajwe. Gakiza akakohoa.

"Na huyu ni dada wa kanisani. Amekuja kutusaidia kugawa mandasi."

Spès akagawa maandazi hayo. Labda Gakiza anangoja watulie, alijiambia.

"Gakiza, na milioni mia tisa ni lini?" mwenye ofisi aliuliza huku akitafuna.

Gakiza akainamia kibodi, shingo imelowa jasho. "Dada," alinong'ona kwa Kiswahili, "nisaidie."

Spès angeweza kunyamaza. Lakini alitaka wamsikie. Aliweka sahani chini, akasema kwa Kiingereza, wote wakigeuka: "Tarehe tisa Julai 1998, Alhamisi. Saa kumi na mbili kamili jioni."

Mwenye ofisi akaangua kicheko, akampiga Gakiza begani.

"Mmeona? Gakiza kamfundisha hata dada wa mandasi! Mtu wa pili wa nini tena? Wewe unatosha."

"Zikomo, bwana," akashukuru Gakiza, macho yake kwenye kibodi.