Msiba Aliousikia Kila Jumanne

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo hakunionyesha hata kiti. Alinisimamisha kando ya dirisha, orofa ya nne, katikati ya jiji, akanisomea tarakimu saba na kuniambia nizirudie kinyumenyume. Nilifika ya tatu nikakwama. Akacheka.

"Sasa unajua wanavyojisikia," akasema. "Kazi yako ni kupima, Nekesa. Usimsaidie mtu hata kwa kutikisa kichwa. Ukimhurumia, umeharibu kipimo."

Ofisi ile ilipima akili za waombaji kazi: kasi ya kufikiri, uwezo wa kuona mpangilio katika maumbo, na upana wa kumbukumbu ya muda mfupi, yaani ile inayoshika namba ya simu mpaka umalize kuibonyeza. Nilikaa huko miaka sita. Kisha nikahamia wodi ya majeruhi wa kichwa katika hospitali moja, chini ya Muuguzi Msimamizi ambaye kabla ya kipimo chochote alitaka kujua kama mgonjwa amekula. Mwisho nikaenda kliniki ndogo mtaani Hurlingham, na huko ndiko nilikostaafia. Ninyi mnaoanza kazi hii leo mnapimia kwa kompyuta, na vipimo vyenu ni bora kuliko vyetu. Sina la kuwafundisha kuhusu hilo. Nataka tu mumjue mgonjwa mmoja.

Mwalimu Njeri alikuwa amestaafu ualimu, akiishi mtaa wa Woodley na mumewe. Alipata maambukizi ya ubongo, akalazwa kwa wiki nyingi. Alipotoka hospitalini alitembea vizuri, alitania, alisoma gazeti kwa sauti. Aliweza kuwataja kwa majina watoto wa darasa la kwanza kabisa alilofundisha. Lakini jambo jipya halikukaa kichwani mwake zaidi ya dakika chache. Akawa analetwa kwetu kliniki kila Jumanne. Nilimpa maneno matatu: barua, nanasi, jembe. Akayarudia bila kosa. Tukapiga soga kidogo, halafu nikamwomba anitajie yale maneno.

"Maneno gani?" akaniuliza kwa adabu.

Kulikuwa na kipimo kingine kilichonifurahisha sana. Unachora nyota huku ukiutazama mkono wako kwenye kioo tu, kwa hiyo kila upande umegeuka. Kila Jumanne aliapa kwamba hajawahi kukiona kioo kile, na kila Jumanne mstari wake ulinyooka zaidi. Hiyo ni kumbukumbu ya mazoea, na haikai pamoja na kumbukumbu ya matukio. Moja inaweza kufa nyingine ikabaki nzima. Nilikuwa nimeyasoma hayo vitabuni, nikadhani nayaelewa.

Mumewe alifariki ghafla, yeye akiwa bado amelazwa. Binti yao, Mumbi, alinivuta kando siku ya kwanza walipofika kliniki.

"Auntie, anauliza Daddy ako wapi. Kila saa. Mimi siwezi kumwambia, aki."

Nililipeleka jambo hilo kwa Daktari Mkuu, mtu mnyofu asiyependa maficho.

"Mgonjwa ana haki ya kujua," akasema. "Akiuliza, mwambie ukweli. Atasahau, lakini sisi hatutakuwa tumemdanganya."

"Na akiuliza tena wiki ijayo?"

"Mwambie tena."

Basi nikamwambia. Aliniuliza kama mzee wake anakuja kumchukua, nikamshika mkono, nikasema. Mlio uliomtoka uliwafanya watu wa mapokezi wasimame. Baada ya dakika kumi hivi alinyamaza, akagusa shavu lake, akashangaa.

"Kwani nimenawa uso?"

Halafu akauliza mzee wake anakuja saa ngapi.

Nilimwambia Jumanne nne mfululizo. Kila mara ulikuwa msiba mpya kabisa, na kila mara nilijifariji kwamba hakuna kitakachobaki. Kwenye faili niliandika "hakumbuki" na kutia sahihi.

Jumanne ya tano nilisimama kumsalimia, mkono nimeunyoosha. Mwalimu Njeri aliuficha wake nyuma ya mgongo.

"Tumewahi kuonana, Mwalimu?" nikauliza.

"Hapana. Sikujui." Akarudi nyuma mpaka akaugusa mlango. "Lakini tafadhali, usiniambie."

"Nisikuambie nini?"

"Sijui. Usiniambie tu."

Nikakaa. Nilimtazama yule mama, naye alinitazama kama mtu aliyebanwa na mbwa mkali kwenye ukuta.

Daktari Mkuu hakuamini. Alisema pengine mama hakulala vizuri. Akamtuma mwenzangu, Achieng', amsalimie. Mwalimu Njeri akampa mkono, akamwuliza habari za watoto, akacheka. Kisha nikaingia mimi. Mkono ukarudi mgongoni. Daktari alivua miwani.

"Tumemfundisha kukuogopa," akasema polepole. "Hana tukio la kukumbuka, lakini uso wako umefungwa pamoja na yale maumivu. Ni mimi niliyekuagiza."

"Ni mimi niliyesema," nikamjibu.

Tulibadilisha utaratibu siku hiyo hiyo: hakuna kumtajia kifo kila anapomuulizia mumewe. Mumbi alikasirika. "So sasa tunamdanganya?"

"La," Daktari akamwambia. "Akiuliza kama mzee amekufa, tutasema ndiyo. Akiuliza yuko wapi, tutamwomba kwanza atusimulie habari zake."

Achieng' alichukua faili. Mimi nilikaa chumba cha pili nikisahihisha karatasi, nikimsikia mama akieleza jinsi mzee wake alivyounguza chapati na kudai zimeiva vizuri. Alicheka sana.

Nimestaafu sasa, naishi mtaa wa Jamhuri, na bado jambo hili linanishtua. Nilijua kupima kila kitu anachoweza mtu kukisema. Yale asiyoweza kuyasema niliyaandika kuwa hayapo.

Mwaka jana niliwakuta sokoni, kando ya Ngong Road. Mumbi alinikumbatia. Mama yake alikuwa hatua chache kutoka hapo, akichagua nyanya.

"Auntie, siku moja tukiosha vyombo aliniambia, 'Babako alikufa.' Hivyo tu. Nikamuuliza nani amemwambia. Akasema hakuna mtu, anajua tu. Na hakulia."

Mpaka leo sijui kama habari hizo alizipata kwangu, na kama ni hivyo, sijui nifurahi au nilie.

Mwalimu Njeri akageuka, akaniona. Nyanya ilimponyoka. Alisogea haraka nyuma ya binti yake, akashika sweta lake kwa nguvu.

"Mwalimu," nikasema, "naomba unisamehe."

"Kwa lipi?"

"Niliwahi kukuumiza."

Alinitazama kwa muda mrefu, akinitafuta usoni asinipate.

"Basi nimekusamehe," akasema kwa upole. "Lakini usisogee."

Sikusogea.