Diski ya Mama

Mwahija, mshona nguo wa Kilwa Masoko, ana kompyuta kuukuu inayopeleka muziki kwenye simu zote za nyumbani. Kila wimbo ukichezwa, kompyuta inaandika mafaili ya muda, na mwezi huu yameijaza kadi yake ndogo ya kumbukumbu mpaka muziki ukakatika.

"Yahamishie kwenye diski kubwa," mumewe Hussen akamwambia. "Nafasi ipo tele."

"Thubutu!"

Diski hiyo ina nyimbo alizoimba marehemu mama yake akibangua korosho. Diski inayoandikwa na kufutwa kutwa nzima huchoka mapema. Mwahija akachomeka flashi ya zamani, akayaelekeza mafaili huko.

"Na hiyo ikifa?"

"Nitanunua nyingine. Sauti ya mama yangu inauzwa wapi?"