Uso wa Mzee Rula Bado Hauna Mdomo

Saa nne asubuhi, jua likishaingia hadi katikati ya chumba, ndipo Mama Herufi anapoanza kazi. Kibao kimelazwa mezani, kimepigwa msasa na kupakwa rangi nyeupe tangu juzi. Anainama mpaka pua inakaribia kugusa mbao, anavuta uzi wenye chaki kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, anauinua na kuuachia ghafla uchape mstari, kisha anapapasa kwa kidole kuhakikisha mstari umekaa.

"Zamani uzi ulikuwa wa wanafunzi," anamwambia mwandishi wa habari aliyemtembelea, bila kuinua kichwa. "Mimi nilikuwa napiga mstari kwa jicho tu, halafu naenda zangu kunywa chai."

Ana miaka hamsini na minane, na amechora mabango tangu akiwa na kumi na tisa: milango ya maduka, kuta za shule, ubavu wa malori. Jina la Mama Herufi alipewa na wateja, likamganda kiasi kwamba hata binti yake wa kumzaa humwita hivyo akitaka kumtania. Kuna wakati alikuwa akitoa mabango ishirini kwa mwezi. Mwezi uliopita alipata kazi moja, namba ya nyumba, na anaamini mwenye nyumba alimwonea huruma tu.

Mashine za kuchapisha mabango ya plastiki zilikula nusu ya kazi yake. Nusu iliyobaki inaliwa na presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Daktari amempa mwaka mmoja, pengine na miezi kidogo.

Kibao cha leo si cha mteja. Ni tangazo lake mwenyewe. Anatafuta kitabu.

Kitabu hicho kilizaliwa msibani. Mwaka mmoja na nusu uliopita, mafundi saba waliofundishwa katika karakana moja walikutana kumzika mwalimu wao. Walimwita Mzee Rula, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila rula, na rula yenyewe ilikuwa na kazi mbili: kupigia mistari na kupigia vidole vya wazembe. Karakana ilifungwa zamani, na kila fundi maisha yalimtupa mji wake. Siku ile walikaa nyuma ya nyumba ya marehemu, wakalia, wakacheka, wakagundua kwamba hawakuwa wameonana kwa miaka tisa.

"Nikawaambia, jamani, tusiwe watu wa kukutana makaburini," anakumbuka. "Maana tukienda hivi, kila tukikutana tutakuwa tumepungua mmoja."

Aliporudi kwake akashona daftari la karatasi nzito, kurasa tisini na sita, jalada gumu la turubai. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kitabu kinapita kwa posta kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine. Kila mmoja anakaa nacho mwezi, anachora anachotaka, anakituma mbele. Ila ukurasa wa kwanza ni wa wote. Hapo Mama Herufi alichora kofia na paji la uso la Mzee Rula, akaishia hapo. Anayefuata aongeze macho, mwingine pua, mwingine masikio, hadi kitabu kimrudie yeye aliyekianza.

Marehemu hakupenda kupigwa picha. Iliyopo ni ya kitambulisho, nayo, kwa maneno ya familia yake, inafanana na kila mtu isipokuwa mwenyewe. Sura yake ya kweli imebaki katika vichwa saba, kila kichwa na kipande chake.

"Mdomo niliuacha wangu," anasema Mama Herufi. "Ndio ulionitukana miaka sita mpaka nikajua kazi. Naujua kuliko wa mume wangu."

Palikuwa na sharti moja zaidi, na hilo alilitunga peke yake. Anwani ya kifurushi isiandikwe kwa kalamu. Ichorwe kwa brashi, kama bango. Mzee Rula alizoea kusema kwamba fundi wa herufi anayeshika kalamu ya wino ni sawa na mpishi anayekula kwa jirani. Na ndani ya kitabu nako hakuna majina, hakuna anwani, hakuna namba za simu. Kurasa zisichafuliwe.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Vifurushi vilikuwa vizuri hadi wafanyakazi wa posta walikuwa wakiitana kuvitazama. Fundi wa pili alipiga simu kusema macho yamekaa. Wa tatu akasema ameweka pua, "ile ile ya kunusia uvivu." Kitabu kikafika kwa wa nne, ambaye tangu ujana wao wanamwita Kobe kwa kazi yake ya polepole. Kobe alikaa nacho miezi mitatu badala ya mmoja, akachora masikio mpaka akaridhika, akakifunga kwa karatasi ngumu. Alipotaka kuchora anwani, akakuta rangi ya mafuta imemwishia na duka limefungwa. Alishachelewa vya kutosha. Akatumia rangi ya maji.

Siku ile ile mvua ilinyesha.

Sasa ni miezi minane. Fundi wa tano hajakiona kitabu. Nje hakuna anwani, ndani hakuna jina, na Mama Herufi hahitaji kuelezwa na mtu nani aliyepanga iwe hivyo. Majuto ni mjukuu, na kwake mjukuu huyu amehamia kabisa. Binti yake anasema mama amepunguza kula, na siku nyingine hukaa mbele ya dirisha asubuhi nzima na brashi kavu mkononi.

Rangi ya mstari wa kwanza inapokauka, anampigia Kobe. Kwa miezi mitano Kobe hakupokea simu zake. Leo anapokea.

"Mdogo wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka tu, dada."

"Unachora?"

"Sishiki brashi, dada. Nikiishika naona ile anwani inavyochuruzika."

"Rangi ilikuwa yako, sharti lilikuwa langu. Tugawane."

"Unanibembeleza tu, dada."

"Nikubembeleze kwani we mtoto mchanga? Mzee angekuwepo angetuchapa wote wawili, wewe kwanza."

Kobe anacheka kidogo. Anasema amepata mgeni, anakata simu. Mama Herufi anaweka simu mezani taratibu. Anajua hakuna mgeni.

"Nikwambie ukweli," anasema, akirudi kwenye kibao, "mimi nimeshakata tamaa. Hii mikono ndiyo haijapata habari."

Vifurushi visivyo na anwani hupelekwa ghala kuu la posta, mji mwingine, hukaa mwaka mmoja, kisha huchomwa. Imebaki miezi minne. Amejaza fomu tatu, na mara zote tatu jibu limekuwa lile lile: hakuna kitu chenye maelezo hayo. Ndipo likamjia wazo la kibao. Kila Jumanne gari la vifurushi huenda ghalani, na dereva amekubali kukibeba na kukipigilia mlangoni, mahali ambapo kila mpakuaji atapita.

"Fomu unaitia kwenye faili, ukaisahau," anasema. "Bango utalitia wapi?"

Inamchukua siku nzima. Juu anachora: KINATAFUTWA KITABU CHA MICHORO. Chini yake: JALADA LA TURUBAI. UKURASA WA KWANZA, USO WA MZEE USIO NA MDOMO. Mstari wa mwisho, jua likiwa limeshahama mezani, ni namba yake ya simu.

Kesho yake saa saba mchana anaingia posta, mkono mmoja ukifuata ukuta, mwingine umekumbatia kibao. Karani wa vifurushi, ambaye ameizoea sura yake kama ya ndugu, anakipokea na kukisimamisha kaunta.

Mstari wa kwanza ni kazi ya fundi. Wa pili umeanza kuzama upande wa kulia. Namba ya simu imeteremka kama inashuka ngazi, na tarakimu tatu za mwisho zimepandana ukingoni, hazisomeki.

"Imenyooka?" anauliza Mama Herufi.

Karani anatazama kibao, anamtazama yeye. "Imenyooka, mama. Safi kabisa."

Mama Herufi ananyoosha kidole. Rangi ya mafuta ikikauka huacha uvimbe mdogo, na kidole chake kina miaka thelathini na tisa ya kuujua. Kinatembea juu ya namba, tarakimu moja baada ya nyingine. Baada ya ya saba kinakuta donge, kisha kinakuta hewa.

"Mwongo mkubwa wewe," anasema, bila hasira.

"Samahani, mama. Ukirudi nacho ukarekebisha, Jumanne ijayo gari lipo."

"Jumanne ijayo nitakuwa naona zaidi ya leo?"

Nje, dereva anapiga honi mara moja.

Jana yake mwandishi alimuuliza itakuwaje kitabu kikirudi akiwa ameshapofuka. Alisema ataweka mkono wa kushoto chini ya pua ya Mzee Rula na kuchora kwa kupapasa, kwani mdomo ule ulikuwa wazi muda wote na si wa kukosa shabaha. Alicheka mwenyewe, akajifuta macho kwa upande wa mkono wenye rangi.

"Una kalamu?" anamuuliza karani.

"Ninayo. Hii nene, ya kuandikia maboksi."

"Ikilowa inafutika?"

"Haifutiki."

Mama Herufi anaweka kiganja juu ya kibao, kama mtu anayeaga. Kisha anakisukuma upande wa pili wa kaunta.

"Basi niandikie namba. Hapo palipo peupe. Mimi nakutajia."

Anataja, karani anaandika, kalamu ikilia juu ya rangi nyeupe. Honi inapigwa tena.

"Sasa niambie kweli. Imenyooka?"

"Haijanyooka, mama. Mwandiko wangu mbaya."

"Inasomeka?"

"Inasomeka."